HABARI ZA MITO NA MLIMA WETU: WAPI TUZITAFUTE SISI TUKAAO MPAKANI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi na wageni wao, Lugulu)



Kamati ya tawi imeniomba niseme juu ya jambo ambalo halimo katika madai yetu ya mshahara, wala ya nyumba, wala ya likizo. Nimeombwa nieleze jinsi mtu wa kawaida awezavyo kupata habari za kweli juu ya maji, misitu na udongo katika nchi hii ya mpakani. Huenda mmoja wenu atauliza, Je, hii ni kazi ya chama cha wafanya kazi? Nami namjibu, ndiyo, ni kazi yake. Mshahara tunaoupigania huishia wapi, mtoto akiugua tumbo kwa maji machafu? Huishia dukani kwa dawa. Tena sisi wa njia ya reli tuna sababu ya pili. Mvua ikiteremsha udongo kutoka mlimani, kalvati huziba, tuta la reli hulika, na genge huamshwa usiku wa manane kwenda kumwaga mawe kwenye giza. Kwa hiyo mlima ukiumwa, sisi ndio tunaokesha.

Mimi si mtaalamu. Nilisoma shule ya misheni, darasa za chini tu, na kazi yangu ni ya mikono. Lakini nimesoma sheria hizi pole pole, nikauliza wanaojua, na leo nawaletea yale niliyoyapata.

MLIMA MMOJA, MAZIWA MATATU

Kwanza tutazame nchi yenyewe. Mlima Elgon una vilele vingi. Kilicho kirefu kuliko vyote, Wagagai, meta 4,321, kiko Uganda. Kilele cha Koitobos, meta 4,222, kiko kwetu Kenya. Mpaka umepita katikati, lakini mvua haikugawanywa.

Upande wa kaskazini hutoka mto Suam, ambao mahali pengine ndio mpaka wenyewe. Mbele huitwa Turkwel, na maji yake hushika njia ya Ziwa Turkana. Upande mwingine hutoka Lwakhakha, nao pia ni mpaka. Ukiteremka huitwa Malaba, huungana na Malakisi, na maji yake huelekea Ziwa Kyoga, ndani ya Uganda. Upande wetu, mito kama Kuywa huingia Nzoia, na Nzoia hupita Webuye na kumwagika Ziwa Victoria kule Budalangi. Basi mlima huu mmoja hunywesha maziwa matatu. Mtu akikata msitu au akimwaga uchafu juu, anayeumia chini huenda ni wa nchi nyingine, na huyo aliyeumia hana hata jina la mtu wa kumlalamikia.

Na mpaka wenyewe si wa tangu na tangu. Kabla ya mwaka 1902 mahali hapa tulipokaa palihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo sehemu ile ya mashariki ya Uganda ikatiwa katika nchi ambayo leo ni Kenya. Wazee wetu walilala Uganda wakaamka Kenya, wala hawakuhama hata hatua moja. Ndiyo maana mpaka leo Mbukusu wa huku na Mgisu wa Mbale husikilizana lugha; Msabaot na Msebei wa Kapchorwa ni ndugu; na Wateso wako Amagoro, tena wako Tororo. Undugu huu nitaurudia, kwa maana una faida kubwa katika jambo letu la leo.

UVUMI SI HABARI

Mto ukibadilika rangi, sisi wa huku husema, "Ni watu wa Uganda wamelima kando ya mto." Na wao husema, "Ni Wakenya wamekata miti." Kila upande una hakika, wala hakuna upande uliopima. Huo ni uvumi. Uvumi huleta ugomvi sokoni, lakini haujapata kusafisha maji hata kidogo.

Tofauti ya uvumi na habari, sisi wa reli tunaijua kuliko wengine. Stesheni masta haruhusu gari liondoke kwa kuambiwa, "Nadhani njia ni tupu." Atataka kujua ni gari namba gani, limepita stesheni gani, saa ngapi, na nani amethibitisha. Habari za maji ni vivyo hivyo. Habari ina vitu vinne: mahali, tarehe, kipimo, na mtu wa kujibu akiulizwa. Ikikosa vitu hivyo vinne, tusiisambaze kama kweli.

DAFTARI LILILOGAWANYWA

Zamani kazi hii ilikuwa nyepesi kidogo. Tangu mwaka 1929 idara moja ya hali ya hewa ilihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Mvua ya Mbale na mvua ya Kitale zilikusanywa na idara hiyo moja. Reli nayo ilikuwa moja, kutoka Mombasa hadi Kampala, ambako ilifika mwaka 1931. Ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikavunjika mwaka 1977. Reli ikagawanywa, na idara ya hali ya hewa ikagawanywa. Kila nchi ikawa na daftari lake.

Lakini reli haikung'olewa pale Malaba. Mabehewa ya mizigo bado hukabidhiwa pale, wa Kenya kwa wa Uganda, kwa karatasi na kwa sahihi. Mzigo una njia ya kuvuka mpaka na kila mtu anajua anasaini wapi. Habari za mto mmoja na mlima mmoja ndizo zisizo na karatasi yao. Hilo ndilo shauri ninalolileta mbele yenu.

OFISI GANI INA NINI

Sasa tuseme wapi habari zilipo. Mtu asiyejua mlango hubisha ukutani.

Huku Kenya, habari za viwanda, za taka na za ripoti za athari za miradi ziko kwa NEMA, mamlaka ya mazingira iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Sheria hiyo yasema mradi mkubwa ukifanyiwa uchunguzi wa athari, tangazo litolewe katika Gazeti la Serikali na katika gazeti linalosomwa mahali hapo, lionyeshe ripoti itasomwa wapi, na wananchi wapewe muda wa kutoa maoni. Habari za vipimo vya mito na vibali vya kuchota maji ziko kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo ofisi yake ya sehemu hii iko Kakamega. Habari za msitu ziko kwa Shirika la Misitu, na za mbuga ya Mlima Elgon, iliyotangazwa mwaka 1968, ziko kwa Shirika la Wanyamapori. Mvua ni ya Idara ya Hali ya Hewa. Maji ya bomba na taka za mjini, ulizeni kaunti.

Kule Uganda nako iko NEMA, tena ni ya zamani kuliko ya kwetu, tangu mwaka 1995. Herufi ni zile zile lakini ofisi ni mbili, basi mkiandika msisahau kutaja nchi. Mbuga yao ya Mlima Elgon ilitangazwa mwaka 1993, nayo iko mikononi mwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Na mambo ya mito iendayo Kyoga yana ofisi pale Mbale, chini ya Wizara ya Maji na Mazingira. Mbale si mbali. Mtu hupanda matatu asubuhi akarudi jioni.

Tena ziko ofisi za pamoja. Kisumu kuna Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi mwaka 1999. Kamisheni hiyo imeshughulika pia na mpango wa kuhifadhi Mlima Elgon pande zote mbili. Entebbe kuna makao ya Mpango wa Bonde la Mto Naili, ulioanzishwa mwaka huo huo wa 1999. Chini ya mpango huo serikali zetu mbili zimefanya uchunguzi wa mradi wa Angololo kwenye mto Malaba, wa bwawa la maji ya kunywa, ya kumwagilia mashamba, na ya umeme. Bwawa huweza kuwa baraka, na huweza kuhamisha watu. Wanaokaa kando ya mto yawapasa kuuliza mapema: maji yatafika wapi, nani atahama, na atalipwa nini. Kuuliza baada ya tingatinga kufika ni kama kupunga bendera nyekundu gari limekwisha pita.

BARUA YENYEWE

Wengi husema, "Mimi ni nani hata niandikie ofisi kubwa?" Wewe ni raia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 42 champa kila mtu haki ya mazingira safi. Na mwaka 2016 ikatungwa Sheria ya Kupata Habari. Sikilizeni vizuri mambo haya ya sheria hiyo, maana ndiyo spana zenu za kazi.

Kwanza, ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Haidaiwi Kiingereza. Na asiyejua kuandika, afisa wa ofisi sharti amsaidie.

Pili, hulazimiki kutoa sababu ya kuuliza. Hata wakidhani sababu yako haiwapendezi, haki yako haipungui.

Tatu, kuleta ombi hakuna malipo. Waweza kutozwa gharama ya kunakili karatasi tu.

Nne, jibu litoke katika siku 21. Waweza kuongeza siku 14, mara moja tu, kama kazi ni kubwa. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, jibu litoke katika saa 48.

Tano, habari ikiwa kwa ofisi nyingine, ombi lipelekwe huko katika siku tano. Hawana ruhusa ya kukuambia tu, "Si hapa."

Sita, wakinyamaza mpaka siku zikaisha, sheria huhesabu kwamba wamekataa. Hapo unayo siku 30 kuipelekea Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo watu huiita Ombudsman, ombi la kuangalia upya neno hilo.

Ziko habari ambazo sheria huruhusu zizuiwe, kama za usalama wa taifa au siri za mtu binafsi. Lakini uchafu wa mto si siri ya jeshi.

Barua iwe fupi. Mfano ni huu:

"Mimi niliyetia sahihi hapa chini ni raia wa Kenya. Chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, naomba nakala ya vipimo vya usafi wa maji ya mto fulani, vilivyochukuliwa karibu na daraja fulani, kuanzia Januari 2023 hadi Desemba 2024, pamoja na tarehe na mahali pa kila kipimo. Kama habari hizi ziko kwa ofisi nyingine, naomba ombi hili lipelekwe huko nami nijulishwe. Naomba jibu kwa maandishi katika siku 21."

Angalieni: barua haimlaumu mtu. Haiulizi, "Kwa nini mnatuua?" Yaomba karatasi iliyo kabatini. Swali kubwa hujibiwa kwa hotuba. Swali dogo hujibiwa kwa karatasi. Tena fanyeni nakala mbili, na ya kwenu ipigwe mhuri wa siku ya kupokelewa. Bila mhuri, siku 21 hazina mwanzo.

Naweza kuwapa ushuhuda mmoja. Sisi wakaaji wa mahali fulani tuliiomba ofisi moja, ambayo sitaitaja, matokeo ya kupimwa kwa maji tunayokunywa. Mara tatu tuliambiwa, "Faili limetoka." Tulikuwa na nakala yenye mhuri, tukahesabu siku, na siku ya 21 tukafika watu wanne, tukasalimu kwa adabu, tukaiweka nakala ile mezani. Faili likarudi siku hiyo hiyo. Ilikuwa karatasi moja tu, lakini ilitwambia tuchemshe maji, nasi tukachemsha.

UKUTA WA URAIA

Sasa nafika kwenye neno zito. Sheria yetu ya 2016 humtaja raia wa Kenya. Uganda nao wana sheria kama hiyo, tena walitutangulia: Katiba yao ya 1995, kifungu cha 41, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005, yenye siku 21 vile vile. Lakini nayo humtaja raia wa Uganda. Mmeona jambo hili lilivyo? Mto ni mmoja, sheria zinafanana kama pacha, lakini Mkenya aliye chini ya mto hana barua ya haki ya kupeleka Kampala, wala Mganda hana ya kupeleka Nairobi. Kila mmoja ana ufunguo wa nyumba ambayo huenda haina kile anachokitafuta.

Ulaya waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1998, katika mji wa Aarhus nchini Denmark, ulitiwa sahihi mkataba wa habari za mazingira. Mkataba huo wasema mtu asibaguliwe kwa uraia wake wala kwa mahali anapokaa. Mtu wa chini ya mto huiandikia ofisi ya serikali ya nchi ya juu, na ombi lake hupokelewa kama la mwenyeji. Sisi katika Afrika Mashariki yatupasa kudai ruhusa kama hiyo. Lakini kudai huchukua miaka, na maji tunakunywa leo. Basi leo tufanye nini?

Leo tutumie undugu. Barua ile ile moja iandikwe mara mbili. Mkenya aipeleke Kakamega, na rafiki yake Mganda aipeleke Mbale: mto ule ule, miezi ile ile, vipimo vile vile. Kila mmoja ataja katiba yake. Majibu yakija, waketi pamoja Malaba wayaweke karatasi kwa karatasi. Hapo ndipo daftari lililogawanywa mwaka 1977 litaunganishwa, si na mawaziri, bali na mtu wa genge na mtu wa genge. Na ni nani awezaye kufanya hivyo kwa urahisi kuliko sisi? Mwalimu hana mwenzake wa kila siku ng'ambo. Sisi tunao. Twajua sauti zao kwa simu, twajua majina ya watoto wao.

MASHAURI MAWILI YA MAHAKAMANI

Iko njia nyingine. Serikali yako yaweza kuwa inajua mambo ya jirani ambayo wewe huyajui. Muulize huyo wa kwako.

Kumbukeni mambo ya Ziwa Turkana. Ethiopia ilijenga bwawa kubwa la Gibe III kwenye mto Omo, na Omo ndio uletao sehemu kubwa sana ya maji ya ziwa hilo. Chama cha wananchi kiitwacho Friends of Lake Turkana kikaishtaki serikali ya Kenya Nairobi. Mahakama ya Nairobi haiwezi kuiamuru Ethiopia. Lakini mwezi Mei 2014 iliiamuru serikali ya Kenya itoe wazi habari zake zote juu ya makubaliano ya kununua umeme kutoka Ethiopia. Bwawa lilifunguliwa hata hivyo, Desemba 2016, wala sitawadanganya kwamba hukumu ililizuia. Lakini imebaki kuwa sheria kwetu kwamba serikali ikiweka sahihi na jirani, mwananchi ana haki ya kujua imeweka sahihi juu ya nini. Mtu wa Malaba akiuliza juu ya Angololo, asimame juu ya hukumu hiyo.

Shauri la pili ni la Serengeti. Tanzania ilitaka kupitisha barabara kuu kaskazini mwa mbuga ile, mahali ambapo nyumbu huvuka kwenda na kurudi Maasai Mara. Chama kimoja cha Nairobi cha kutetea wanyama kikapeleka shauri mwaka 2010 katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Mwezi Juni 2014 mahakama ile ikaizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kupita sehemu hiyo. Mkataba wa Jumuiya, kifungu cha 30, wamruhusu mtu yeyote akaaye katika nchi mwanachama kupeleka shauri huko, lakini sharti awahi, katika miezi miwili tu. Na hawezi kuwahi asiyekuwa na habari.

HABARI ZISIZONGOJA SIKU 21

Ndugu zangu, ziko habari ambazo barua haizifai. Machi 2010 mlima uliporomoka Bududa, upande wa Uganda, katika kijiji cha Nametsi, ukafukia watu mamia. Oktoba 2018 ukaporomoka tena kule Bukalasi, Bududa hiyo hiyo. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli. Ni mlima wetu ule ule tunaouona hapa asubuhi mawingu yakiondoka. Upande wao una miteremko mikali, lakini na upande wetu wako watu waliojenga kwenye kingo.

Mlima haukai kimya kabla ya kuporomoka. Ardhi hupasuka nyufa mpya. Miti na nguzo huinama. Chemchemi hutokea pasipokuwa na maji, au kijito hukauka ghafula kumbe kimezibwa juu. Dalili hizi mwenye kuziona kwanza ni mkulima wa huko juu, wala si ofisi yoyote. Habari ya namna hii iende kwa simu, saa ile ile, kwa chifu, kwa stesheni, na kwa ng'ambo. Na sisi tusimamao kwenye daraja la Nzoia au la Malaba tukiona maji yamepanda ghafula na yameleta miti mizima, tusiishie kumwambia stesheni masta peke yake. Walio chini yetu nao wana watoto.

MASHAKA YA WANACHAMA

Najua mashaka yenu. La kwanza ni hofu: "Nikiuliza, nitawekewa alama kazini." Ndiyo maana nasema barua isiandikwe na mtu mmoja mmoja. Sheria yamtaja raia, basi jina la raia liwepo. Lakini nyuma yake lisimame tawi zima, na nakala ikae kwa Katibu.

La pili: "Hii ni siasa." Siasa ni kumwambia mtu ampigie kura nani. Kuuliza maji yana nini si siasa. Mwenye kura na asiye na kura wote hunywa.

La tatu ni gumu zaidi: "Tukipata habari, tukakuta mchafuzi ni sisi wenyewe?" Naam, yaweza kuwa. Huenda karatasi ya Mbale ikaonyesha kwamba maji yalikuwa safi Lwakhakha, yakachafuka yakipita kwenye masoko na vyoo vyetu. Basi na iwe hivyo. Tusitafute habari ili kumshinda Mganda, tuitafute ili tujue pa kuanzia kusafisha. Mwenye kuogopa kipimo, hata homa yake haitapona.

MAPENDEKEZO

Bwana Mwenyekiti, nisiwachoshe. Naomba mkutano huu usiishie kwa makofi bali kwa kura. Napendekeza mambo manne.

La kwanza, tawi liwachague watu watatu, na mmoja awe mama, maana kina mama ndio wateka maji, wawe kamati ndogo ya habari za mazingira.

La pili, kamati hiyo iwaandikie wenzetu wa reli wa upande wa Tororo, kuwaomba wachague watatu wao, na mkutano wa kwanza uwe Malaba.

La tatu, barua mbili zinazofanana zipelekwe juu ya mto Malaba, moja kwa kila nchi, kabla ya mvua za masika, na majibu yote, hata ya kukataa, yatangazwe katika jarida hili kwa Kiswahili, lugha ambayo pande mbili tunaielewa.

La nne, kila genge liwe na daftari la shilingi chache, ambamo kila juma itaandikwa rangi na kimo cha maji ya mto kwenye daraja lake, tarehe, saa, na jina la aliyetazama. Ofisi hupoteza mafaili. Daftari la genge likitunzwa miaka mitano, hata wataalamu watakuja kuliomba.

Wazee wetu hawakuulizwa mpaka ulipochorwa. Sisi tunayo sheria ya kuuliza, wenzetu wa ng'ambo wanayo ya kwao, na reli imetupa marafiki wa kuuliza nao. Kilichobaki ni kalamu na mhuri. Naomba mtu wa kuliunga mkono pendekezo la kwanza asimame.